Udongo Uwahi Ungali Maji

Hakuna mkaazi wa visiwa hivi asiyeona kwamba kazi ya kujenga hospitali imeshika kasi. Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani Pemba, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Tangu mwaka 2022 hospitali mpya za wilaya zimeinuka Unguja na Pemba, hospitali ya mkoa imejengwa Lumumba mjini, na mpango wa hospitali kubwa ya rufaa na mafunzo huko Binguni umekuwa ukizungumzwa. Haja ya kazi hiyo haihitaji maelezo marefu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Watu zaidi ya 586,000 wameongezeka kwa miaka 10, na kila mmoja wao atazaliwa, ataugua au atauguza ndani ya majengo haya.

Tunaipongeza Serikali kwa juhudi hiyo. Hata hivyo, pongezi haituondolei wajibu wa kuuliza, na swali tunalotaka kuliuliza leo ni jepesi kulitamka: kabla zege halijamwagwa, ni nani aliyekwisha kuijaribu hospitali hiyo? Hatuulizi nani aliyeichora, wala nani aliyetia saini mchoro wake. Tunauliza kama yupo mkunga aliyesukuma machela katika ujia ule, muuguzi aliyenyoosha mkono kuitafuta dawa katika kabati lile, au mtumishi wa usafi aliyejaribu kutoka na ndoo ya taka bila ya kupishana na chakula cha wagonjwa.

Msomaji atasema kwamba nyumba haiwezi kujaribiwa kabla ya kujengwa. Huko ndiko tunakotaka kumpeleka, kwa sababu elimu ya kufanya jambo hilo ipo, imekwisha kutumiwa kwingi, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kuvunja ukuta.

Elimu hiyo ina mizizi miwili. Mzizi wa kwanza ni uchunguzi wa jinsi mwili na akili ya binadamu vinavyokutana na vyombo anavyovitumia, vyumba anamofanyia kazi na utaratibu anaoufuata. Wataalamu huiita egonomia. Ilipata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Marekani liliposumbuliwa na ajali za ajabu. Marubani wa ndege kubwa za B-17, watu waliofunzwa vyema, walikuwa wakitua salama kisha, ndege ikiwa bado inakimbia ardhini, wakikunja magurudumu badala ya kukunja vibao vya mbawa. Ndege ikalala kifudifudi. Wakubwa walisema ni uzembe wa marubani. Mtaalamu wa elimu ya nafsi, Alphonse Chapanis, akaenda kutazama ndani ya chumba cha rubani, akaona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibao zimewekwa ubavu kwa ubavu na zinafanana. Dawa yake haikuwa adhabu wala semina. Swichi moja ilitiwa kishikio chenye umbo la gurudumu na nyingine kishikio chenye umbo la kabari, ili mkono utambue hata gizani. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichapisha uchambuzi wa makosa 460 ya marubani, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyoitwa makosa ya binadamu yalikuwa yamechorwa ndani ya chombo tangu kiwandani.

Somo lililobaki ni hili: watu wazuri wengi wanapofanya kosa lile lile mahali pale pale, ni wajibu kukichunguza kitu kabla ya kumwadhibu mtu. Somo hilo lilichelewa kuingia hospitalini. Mwaka 1999 taasisi ya tiba ya Marekani ilitoa taarifa iliyokadiria kwamba Wamarekani kati ya 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka hospitalini kwa makosa ya matibabu ambayo yangeweza kuzuilika. Taarifa hiyo ilishikilia kwamba mengi ya makosa hayo yanatokana na mpango wa kazi ulio mbovu, wala si ubaya wa watumishi. Jengo ni sehemu kubwa ya mpango huo, na tena ni sehemu isiyobadilishwa kwa waraka.

Mzizi wa pili ni majaribio ya kuigiza kazi. Chumba hutengenezwa kwa mfano, mgonjwa huwa sanamu au mtu aliyekubali kujilaza, na watumishi wa kweli huambiwa wafanye kazi yao ya kila siku, kwa haraka ile ile na kwa idadi ile ile. Wenye kutazama hukaa pembeni na saa na daftari. Huandika kila hatua iliyopotea, kila mlango uliokataa, kila mkono uliotafuta kitu usikione.

Tuchukue mfano. Mama amejifungua saa nane za usiku, na damu inamtoka bila ya kukoma. Wakunga wanajua kwamba hali hiyo ikiachwa bila tiba inaweza kuua katika muda wa saa 2 tu. Kwenye mchoro, chumba cha kujifungulia na chumba cha upasuaji vimetenganishwa na upana wa kidole gumba, na kila mwenye kuutazama mchoro anaridhika. Basi na tuuigize mwendo wenyewe. Mkunga mmoja anamkandamiza mama tumbo, hawezi kumwachia. Simu imefungwa ukutani upande wa pili wa kitanda. Mlango unafunguka kwa ndani na machela inauzuia. Penye kona, machela hairudi wala haiendi mpaka inyanyuliwe na watu wanne, na zamu ya usiku ina watu wawili. Damu ya akiba imewekwa karibu na maabara, na maabara iko mwisho wa jengo. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linaloonekana kwenye karatasi, kwa sababu karatasi hutazamwa kutoka juu kama anavyotazama ndege, naye binadamu hufanya kazi kwa miguu, akiwa amechoka na mikono yake imejaa. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeujua ujia wa hospitali ni yule anayeupita mara 40 kwa zamu moja.

Si nia yetu kuwalaumu wachoraji. Fundi hawezi kukisia lile ambalo hakuna aliyemwambia, na mkunga hawezi kulisema lile ambalo hajaulizwa. Tena akiulizwa mbele ya mchoro uliojaa mistari na herufi ndogo, wengi huinamisha kichwa wakasema ni sawa. Mwite mkunga huyo huyo asimame ndani ya chumba cha maboksi chenye ukubwa wa kweli, umwambie ampokee mtoto asiyepumua, na kabla ya dakika 5 kupita atakwambia meza ya mtoto iko mbali.

Wenzetu wamekwisha kuyafanya haya. Hospitali ya watoto ya Seattle, nchini Marekani, ilipotaka kujenga kliniki mpya katika mji wa Bellevue, iliyofunguliwa mwaka 2010, ilikusanya maboksi katika ghala ikasimamisha kuta za makaratasi kwa ukubwa halisi. Madaktari, wauguzi na wazazi wa watoto wakatembea ndani yake, wakasogeza kuta kwa mikono, wakatembea tena. Jengo lililotokana na zoezi hilo lilikuwa dogo kuliko lile lililokusudiwa mwanzo, na gharama yake ikapungua. Tunawaomba maofisa wa fedha waitazame habari hiyo kwa makini. Jaribio halikuongeza chumba hata kimoja. Lilionyesha vyumba ambavyo havikuhitajiwa.

Katika mji mdogo wa West Bend, jimbo la Wisconsin, hospitali ya St. Joseph's iliyofunguliwa mwaka 2005 ilipangwa tangu mwanzo kwa nia ya kupunguza makosa. Mkuu wake, John Reiling, alitaka chumba cha mfano kijengwe kwanza na watumishi wakikosoe. Uamuzi mmoja mkubwa uliofikiwa ni kwamba vyumba vya wagonjwa vifanane kwa mpangilio, ili muuguzi anayekimbilia chumba asichokizoea aikute oksijeni upande ule ule na glavu mahali pale pale. Ni swichi ya Chapanis tena, safari hii ukutani mwa wodi. Na katika jimbo la Alberta, nchini Kanada, mamlaka ya afya ina kikundi maalumu kinachopima vyumba vipya kwa kuigiza kazi, kuanzia wakati wa michoro hadi siku za mwisho kabla ya wagonjwa kuingia.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo haihitaji boksi wala sanamu, bali hesabu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa mji wa Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu simu zinazopigwa kwa kubahatisha, na kutoka hapo ikakua elimu ya foleni. Tuifanyie jaribio dogo. Tuseme dirisha la dawa lina mtumishi mmoja ambaye kwa wastani humhudumia mgonjwa kwa dakika 5, yaani wagonjwa 12 kwa saa. Wakija wagonjwa 10 kwa saa, wengine wakifuatana na wengine wakiachana, na mmoja akichukua muda mrefu kuliko mwenzake, hesabu inatoa jibu kwamba kila mmoja atangoja kwa wastani wa dakika 25 kabla ya kufikiwa. Akiongezeka mgonjwa mmoja tu kwa saa, wakawa 11, wastani wa kungoja unaruka hadi dakika 55. Na dirisha la pili lenye mtumishi wa pili likifunguliwa, kungoja kunashuka chini ya dakika 2.

Mtu asiyepiga hesabu hiyo angedhani kwamba 11 si mbali na 10. Angetoa amri kwamba mfamasia aongeze bidii, au angejenga banda kubwa la kungojea na kulizindua kwa shangwe. Anayepiga hesabu ataacha tundu la dirisha la pili katika ukuta sasa hivi, wakati ukuta bado ni mstari wa kalamu. Leo kompyuta ya kawaida inaweza kuiendesha hospitali nzima kwa mtindo huo, mapokezi, maabara, eksirei na vitanda, ikauonyesha msongamano wa Jumatatu asubuhi kabla ya Jumatatu hiyo kufika.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Tunawajibu kwa mifano ya huku kwetu Afrika.

Mwaka 2006 dunia ilishtushwa na habari za Tugela Ferry, Afrika Kusini, ambako wagonjwa 53 waligunduliwa kuwa na kifua kikuu kisichosikia karibu dawa zote, na 52 kati yao wakafa. Wengi wao walikuwa wamelazwa hospitalini kabla ya hapo, na ushahidi ulielekeza kwamba hewa ya wodi na kumbi za kungojea ilikuwa imesaidia kuueneza ugonjwa. Waliopewa kazi ya kuipanga hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, Rwanda, waliisoma habari hiyo kwa kuzingatia. Wizara ya Afya ya Rwanda, shirika la Partners In Health na wachoraji wa MASS Design Group waliufuata mwendo wa mgonjwa na mwendo wa hewa kabla ya kuamua mahali pa ukuta. Wakatoa korido za ndani, watu wakapita kwenye baraza za nje. Dari ikawa ndefu, madirisha yakapishana, na vitanda vikapangwa kwenye ukuta mfupi wa katikati ya wodi ili kila mgonjwa atazame nje badala ya kutazamana na mwenzake na kukoholeana. Mawe yalitoka katika milima ya volkano ya hapo hapo, na mikono ya wananchi wa hapo ndiyo iliyoyachonga. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 2011. Rwanda haikungoja kuwa tajiri.

Tanzania nayo inaufahamu mwigo. Hospitali 8 nchini zilifunza wakunga kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua kwa kutumia sanamu ya mtoto, mfuko wa kupulizia hewa na mazoezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Huko Haydom ilionekana pia kwamba mafunzo ya siku moja peke yake hayakubadili kazi wodini. Mabadiliko yalikuja mazoezi yalipokuwa mafupi, ya mara kwa mara, na mahali pa kazi. Na hapa kwetu, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, kuanzia mwaka 2014 watafiti walikaa na wakunga na madaktari wa hapo, wakatengeneza kijitabu kifupi cha mwongozo wa uzazi kinacholingana na kazi ilivyo na watu waliopo, badala ya kukopi miongozo ya mahali penye watumishi wengi. Hesabu ya kabla na baada ilionyesha kwamba watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Mwongozo uliopimwa kwa kimo cha mtumia mwongozo umeonyesha faida. Basi kwa nini jengo lisipimwe vivyo hivyo?

Tena sisi wa visiwani tuna sababu zaidi ya wengine. Hospitali ya bara ikizidiwa, gari hushika barabara kwenda ya jirani. Ya kwetu ikizidiwa, mbele yetu ni bahari. Mgonjwa wa Kojani au Tumbatu huanza safari yake chomboni, akategemea upepo, mashine na maji ya kupwa na kujaa. Kwa hiyo mchoro wa hospitali yake unapaswa kuanzia pale machela inapogusa mchanga, na jaribio la kweli lianzie hapo hapo.

Tusisahau pia yale yaliyotupata. Kebo ya umeme ya baharini ilipoharibika, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima kati ya Mei na Juni 2008, kisha kwa miezi mitatu hivi kuanzia Disemba 2009. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit. Hayo si mambo ya kufikirika kwetu. Ni misiba yenye tarehe, na wapo wasomaji wetu ambao bado wanayabeba majina ya waliopotea. Hospitali yoyote inayojengwa visiwani ijaribiwe kwa maswali hayo. Umeme ukikatika mama akiwa juu ya meza ya upasuaji, sekunde ngapi zitapita kabla ya jenereta kuwaka, na ni nani mwenye ufunguo wa chumba chake? Wakiletwa majeruhi 60 kwa saa moja, magari yataingilia wapi na yatatokea wapi? Jamaa zao mia kadhaa, ambao hakuna askari wala amri itakayowazuia kuja, watasimama wapi bila ya kuziba mlango wa machela? Jamaa wa mgonjwa ni sehemu ya hospitali zetu. Ndiye aletaye chakula, ndiye afuaye, ndiye akeshaye. Mchoro usiomwekea mahali pa kukaa na kusali umemweka sakafuni, na hapo atakaa.

Tunazijua hoja zitakazotolewa dhidi ya pendekezo hili, na ni haki kuzijibu.

Ya kwanza ni muda: mkandarasi yuko kazini, na ahadi ya tarehe ya kufungua imetolewa. Jibu ni kwamba jaribio la chumba kimoja kwa chaki, kamba na maboksi ni kazi ya siku chache, ambapo mlango uliokosewa hubaki miaka 50. Ya pili ni fedha. Kufuta mstari ni bure, kuvunja ukuta ni fedha, na kuuacha ukuta ulivyo hulipwa na wagonjwa kidogo kidogo bila ya kuandikwa katika daftari lolote. Ya tatu ni kwamba majengo mengine hutolewa na wafadhili pamoja na michoro yao. Tunawashukuru wafadhili. Lakini hata nyumba ya zawadi hulalwa na mpokeaji, na hatuamini kwamba rafiki wa kweli atakasirika tukimwomba ruhusa ya kuijaribu michoro yake kabla ya kuijenga.

Hoja ya nne ina uzito zaidi. Wapo wasemao kwamba tatizo la hospitali ni uhaba wa watumishi na dawa, na kwamba kuigiza hakutibu mtu. Ni kweli. Chumba kilichopangwa vyema bila ya mkunga ni chumba kitupu. Lakini mahali penye watumishi wachache ndipo hatua za bure zinapoumiza zaidi. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi, aliyewekewa sinki la kunawia mwisho wa wodi, atalazimika kuchagua kati ya kunawa na kuhudumia. Kusogeza sinki hakumwongezi muuguzi wa pili, ila kunamrudishia wa kwanza sehemu ya zamu yake.

Tunakubali vilevile kwamba mwigo una mipaka yake. Mtu anayejua anatazamwa hufanya kazi kwa uangalifu usio wa kila siku, na sanamu haimpigii mtu kelele. Aidha, jaribio lililofanywa kwa ajili ya picha za magazeti, mchoro ukiwa umekwisha kutiwa saini, ni ubadhirifu. Afadhali lisifanywe.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Wizara ya Afya, Wizara ya Fedha na waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi wayafikirie mambo matano. Kwanza, mikataba ya ujenzi wa hospitali iseme wazi kwamba mchoro hautatiwa saini ya mwisho kabla ya vyumba vikuu kujaribiwa kwa ukubwa wake halisi: chumba cha kujifungulia, chumba cha upasuaji, mapokezi ya dharura, nafasi ya kitanda cha wodi na dirisha la dawa. Pili, wanaojaribu wawe watendaji wenyewe, yaani wakunga, wauguzi, watumishi wa usafi, madereva wa magari ya wagonjwa na mafundi wa umeme, pamoja na watu wenye ulemavu na jamaa za wagonjwa watakaoteuliwa kwa msaada wa masheha. Tatu, kila kasoro iliyoonekana iandikwe, ipewe jibu, na jibu liwe na jina la ofisa aliyelitoa. Kasoro isiyokuwa na mwenyewe hairekebishwi. Nne, kabla ya utepe kukatwa, jengo liendeshwe kwa mwigo mchana na usiku, umeme ukiwapo na umeme ukizimwa. Tano, baada ya mwaka mmoja wa kazi, watazamaji warudi na saa zao, na waliyoyaona yaandikwe katika kitabu kimoja cha Wizara, ili hospitali itakayofuata isirudie kosa la iliyotangulia.

Hata majengo yaliyokwisha kufunguliwa hayajakosa bahati. Ukuta hausogei kwa urahisi, lakini kabati husogea, kitanda husogea, simu husogea, na alama ya rangi sakafuni inaweza kumwelekeza mtu asiyejua kusoma. Mkuu wa hospitali anaweza kuanza wiki hii kwa kumwomba mtumishi mmoja asiye na zamu amfuate muuguzi mmoja kwa saa 2 na kuziandika hatua zake.

Mafundi wetu wa vyombo hawajapata kumkabidhi nahodha jahazi jipya likiwa limejaa abiria kabla ya kulishusha majini na kuona linavuja wapi. Hospitali hubeba abiria wengi kuliko jahazi lolote, nao huingia wakiwa hawana nguvu ya kuogelea. Wazee wametuusia kwamba udongo tuuwahi ungali maji. Kwa zile hospitali ambazo bado ni karatasi udongo huo haujakauka, na walioshika kalamu bado wana nafasi ya kumwita mkunga aje aingie ndani.